Maneno kwa Wazazi: Ngoma Ziingiazo Nyumbani

Wazazi wapenzi wa Issuna,

Wako wasemao kwamba kila ngoma ni dhambi. Sivyo. Mfalme Daudi alicheza mbele ya sanduku la agano, wala Mungu hakumkasirikia. Lakini binti wa Herodia naye alicheza, na Yohana Mbatizaji akakatwa kichwa. Basi tujiulize: twamchezea nani, na kwa nia gani?

Zamani ngoma ilikuwa na mahali pake na wakati wake, na wazee wakitazama. Leo baikoko ya Tanga na vigodoro vya Dar es Salaam hutufikia ndani ya simu, wala mzee hayupo. Mwaka 2016 Serikali ilipiga marufuku video ya wimbo “Chura” wa Snura, kwa kuwa iliwadhalilisha wanawake. Lakini amri ya Serikali haifiki chumbani mwa mtoto. Huko mlinzi ni mzazi.

Tena hatari iko karibu. Msichana huiga mchezo huo arusini, mwenzake humpiga picha. Kesho yake picha imo mikononi mwa watu wote, na mama yake hawezi kuirudisha.

Basi msiwapige watoto, wala msiwanyang'anye simu mkanyamaza. Ketini nao, tazameni wanayoyatazama, waulizeni: “Je, waweza kucheza hivi mbele ya baba yako?” Kisha wapeni furaha iliyo njema: kwaya, na ngoma za mavuno na arusi, nanyi mkiwapo. Maana mtoto anyimwaye ngoma mchana huifuata usiku.

Mungu awape hekima.

Mwalimu wenu wa dini