Kemia Si Kukariri Kanuni

Mwaka 1987 wataalamu wawili wa Marekani, Nurrenbern na Pickering, walichapisha jambo ambalo hadi leo halijapewa uzito unaostahili. Waliwapa wanafunzi wa kemia vyuoni maswali ya gesi ya namna mbili: moja la kukokotoa, jingine la kuchagua picha ionyeshayo jinsi gesi ilivyoenea ndani ya tangi baada ya kupozwa. Wengi walikokotoa sawasawa, picha ikawashinda.

Sisi wa visiwani latuhusu. Mkemia ndiye atuambiaye kama kisima kilichoingiwa na maji ya bahari chafaa kunywewa, na kama mafuta ya karafuu ni safi. Kipimo kikitoa jibu la ajabu, kanuni aliyoikariri haitamwokoa. Ni lazima ajiulize: natakiwa nini, nina nini mkononi, nifuate njia gani, na je, jibu hili lawezekana? Mazoea hayo hayaji yenyewe. Mhadhiri huyajenga kwa kutatua swali mbele ya wanafunzi huku akitamka fikra zake, hata pale anapopotea njia na kurudi. Kisha huwaachia wao wapange, wajikague, na waandike walipokwama.

Kwa hiyo twaiomba Serikali, inapogawa fedha za vyuo vikuu, isiishie kwenye chupa na mizani za maabara. Vikundi vidogo vyahitaji walimu wasaidizi. Mitihani nayo itoe alama kwa mpango na uhakiki, si kwa tarakimu ya mwisho pekee. Mwanafunzi hasomi kisichopimwa, wala hatumlaumu.