Breki za lori nazo zinahitaji kupumzika

Karibu na Jinja, mashariki mwa Uganda, kuna kitongoji kinachoitwa Mpumudde. Kwa Luganda jina hilo lina maana ya “nimepumzika”, na wenyeji hulihusisha na Omukama Kabalega wa Bunyoro, aliyefariki dunia hapo mwaka 1923 akiwa njiani kurudi kwao kutoka uhamishoni Shelisheli. Leo mji huo unapitiwa na malori yanayotoka Mombasa kupitia Malaba, Tororo na Iganga, yakivuka Mto Nile kwenye daraja lililofunguliwa Oktoba 2018 kuelekea Kampala. Kwa mfanyabiashara anayesubiri mzigo Jinja au Mbale, lori likifika salama yeye huhesabu nauli, ushuru na muda. Ni nadra kuuliza lori hilo liliteremkaje milimani.

Swali hilo ni lake pia. Kabla ya kufika Malaba, lori limepanda nyanda za juu za Kenya hadi Timboroa, zaidi ya mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, kisha likashuka hadi mpakani, kwenye takriban mita 1,200. Wanaochukua mahindi, viazi na kahawa Kapchorwa kwenda Mbale nao wanajua miteremko ya Mlima Elgon. Tanzania kuna Kitonga mkoani Iringa, na dereva anayeifahamu huanza kuiwazia kabla hajaiona.

Sheria ya Udhibiti wa Mizigo ya Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2013 inaruhusu gari na mzigo wake kufikia tani 56. Gari la uzito huo likishuka urefu wa mita 500 tu, breki zake zinatakiwa kumeza joto linaloweza kuchemsha mapipa manne ya maji, kila pipa lita 200. Joto lote hilo likielekezwa kwenye ngoma za breki, chuma hutanuka, lainingi huanza kutoa moshi na kupoteza mshiko. Dereva anakanyaga, upepo upo kwenye mitungi, kila kifaa kinafanya kazi yake, lakini gari halishikiki. Watu watasema breki zimefeli. Mara nyingi breki hizo zilikuwa nzima. Zilichoka tu, kwa kuwa ziliachiwa kazi ya peke yao.

Dawa ya uchovu huo inajulikana kwa miaka mingi. Mwaka 1931 Clessie Cummins, mwanzilishi wa kampuni ya injini ya Cummins ya Marekani, alikuwa ndani ya lori la dizeli lililoshindwa kusimama kwenye mteremko wa Cajon Pass, California, likakosa kidogo tu kugongana na treni. Akajiuliza kwa nini injini yenye nguvu ya kuvuta lori mlimani isiweze pia kulizuia likishuka. Jibu lake lilianza kutengenezwa na kampuni ya Jacobs mwaka 1961.

Namna linavyofanya kazi si fumbo. Injini ya dizeli hubana hewa kwa nguvu kubwa. Kwa kawaida hewa hiyo iliyobanwa huisukuma pistoni irudi chini, na nguvu iliyotumika kuibana hurejea. Dereva akiwasha breki ya injini, oili ya injini yenyewe, ikiwa kwenye shinikizo, husukuma pistoni ndogo inayofungua vali ya moshi hewa inapofika kilele cha kubanwa. Hewa hutoka kwa kishindo, nguvu hairudi, na magurudumu yanazuiwa bila lainingi kuguswa. Ndiyo sababu ya ule mngurumo unaosikika usiku kwenye miji ya barabarani.

Ndugu yake ni ritada ya oili, ambayo hufungwa kwenye giaboksi. Ndani yake kuna gurudumu lenye mapanga linalozunguka likielekeana na jingine lililotulia. Oili ikiingizwa kati yao, lile linalozunguka huanza kuhangaika kama mtu anayekimbia ndani ya maji ya kiuno. Haina kelele, na joto lake hupelekwa kwenye rejeta ya gari. Kwa hiyo rejeta iliyoziba au yenye maji pungufu huua ritada, hata kama swichi inawaka taa vizuri.

Vifaa hivi vina mipaka, na dereva asiyefundishwa anaweza kuumia navyo. Ritada hupoteza nguvu gari linapokaribia kusimama, kwa hiyo breki ya mguu haiachwi. Gari tupu kwenye lami iliyolowa linaweza kuteleza na trela kujikunja iwapo ritada itawekwa kwa nguvu ya juu. Breki ya injini nayo ina nguvu pale tu injini inapozunguka kwa kasi, maana yake dereva ashuke na gia ndogo aliyoichagua kabla ya mteremko kuanza. Anayeachia gia huru ili kuokoa dizeli ameikata kabisa injini na magurudumu. Dizeli aliyoiokoa ni lita chache. Kilichobaki kushika tani 56 ni lainingi peke yake.

Wafanyabiashara wa mpakani wana sababu zaidi ya mzigo kulifuatilia jambo hili. Jioni ya Juni 30, 2023, lori lenye kontena lilipoteza mwelekeo kwenye makutano ya Londiani, Kenya, likavamia magari, bodaboda na watu waliokuwa kando ya barabara. Zaidi ya watu 50 walikufa, wakiwemo wachuuzi waliokuwa wakiuza bidhaa zao. Sokoni barabarani, mwenye mzigo na anayegongwa na mzigo ni watu wa kazi moja.

Mzigo mwingine wa lawama ni wa wafanyabiashara wenyewe. Wapo wanaochagua lori kwa nauli ya chini pekee, wakaongeza magunia baada ya mizani, kisha wakampigia dereva simu kila saa kumuuliza amefika wapi. Mwenye lori akibanwa nauli hupunguza matengenezo, na ritada iliyoharibika ni miongoni mwa vitu vya kwanza kuachwa, kwa kuwa gari hutembea bila hiyo. Hutembea tambarare. Mteremko ndio unaodai deni.

Serikali nazo zimejenga nusu ya nyumba. Mizani ipo, na kikomo cha tani 56 kinafahamika pande zote. Lakini kupima uzito kunalinda zaidi lami. Uwezo wa gari kuushusha uzito huo mlimani haupewi nafasi sawa. Ulaya, malori makubwa yanayobeba shehena hatari kama mafuta hutakiwa kuwa na breki ya ziada yenye uwezo wa kulishusha gari kilomita 6 kwenye mteremko wa asilimia 7, kwa kilomita 30 kwa saa, bila kutegemea breki za kawaida. Jumuiya inaweza kuanzia hapo hapo, kwenye matangi ya mafuta yanayopita Malaba na Busia, kisha ipanue kwa malori mengine kwa muda utakaotangazwa mapema.

Hofu ya kwamba ukaguzi mpya utaleta foleni mpya ni ya haki. Anayelala mpakani na nyanya au samaki anajua thamani ya saa moja. Kwa hiyo ukaguzi ufanyike gari linapofanyiwa ukaguzi wa kawaida nchini mwake, cheti kimoja kitambuliwe na nchi zote wanachama, na mpakani pasiwe na zaidi ya kukitazama. Kituo cha pamoja cha Malaba kilijengwa kwa mantiki hiyo hiyo. Mafunzo ya madereva nayo yatolewe kwa Kiswahili, lugha ambayo dereva wa Mombasa na fundi wa Jinja wanaelewana nayo wakiwa chini ya gari.

Wakati hayo yakisubiriwa, vyama vya wafanyabiashara vina nguvu ambayo havijaitumia. Mwenye mzigo ndiye mwenye fedha. Kabla ya kupakia, aulize mambo matatu: je, breki ya injini au ritada inafanya kazi? Rejeta ina maji? Dereva anashuka na gia gani? Lori lisilo na majibu liachwe, hata kama ni rahisi. Wenye malori watatengeneza haraka zaidi wakikosa mzigo kuliko wakisubiri askari.

Nafuu ya nauli hugawanywa kwa magunia. Lori likishindwa kushikika mlimani, hasara haigawanyiki hivyo.