Kompyuta Imelala Mombasa, Lawama kwa Nkubu

Sisi watu wa pwani tuna kasoro moja: jambo likitukwama bara, twailaumu bara. Juzi nalikuwa Nkubu, kwenye barabara ya Meru kwenda Embu, nataka kuifungua kwa mbali kompyuta yangu iliyoko Mombasa. Mswada wa diwani umo humo, na mchapaji autaka asubuhi. Skrini ikakataa. Nikaanza: "Mtandao wa huku milimani!"

Kijana mwenye duka akaniuliza kwa adabu, "Mzee, umepiga simu nyumbani?" Nikapiga kwa WhatsApp. Sauti safi, kama mama watoto yu chumba cha pili. Basi Nkubu ina kosa gani? Hata ile njia ya VPN aliyoitengeneza mwanangu kwenye ruta ya nyumbani ilikwisha nifikisha uani. Kompyuta ndiyo iliyolala, na aliyelala hasikii hodi. Mama watoto akaiamsha. Bado! Kumbe umeme ulikatika mchana, na ruta ilipowaka ikaipa kompyuta anwani nyingine. Mimi nabisha chumba kisicho mtu. Aliponisomea anwani mpya, ikafunguka. (Wenye Windows Home wasijichoshe, ipokeayo wageni hawa ni Pro.)

Mteja mmoja akanishauri niiache VPN, niufungue mlango nambari 3389 kwa dunia nzima. La, bwana. Wezi wa mitandao huupapasa mlango huo usiku na mchana, wakijaribu maneno ya siri. Heri nimwamshe mama watoto mara mia.