Njia ya Gari ya Zege Nyumbani: Uimara Huanzia Chini



Wapenzi wasomaji, juma hili safu yetu inajibu barua ya dada mmoja wa Kisauni. Mumewe yuko kazini katika nchi za Ghuba, na nyumba anaisimamia yeye pamoja na mama mkwe wake, mtu mzima ambaye sasa hutembelea mkongojo. Mwaka uliopita walimwagiwa zege kutoka langoni hadi barazani, urefu wa mita 8 na upana wa mita 3. Masika yalipita mara moja tu, na njia ikapasuka vipande. Baadhi ya vipande vimezama na maji yanatuama juu yake, na ukingo wa kimoja ndio uliomkwaa mama huyo akaanguka. Alhamdulillahi, hakuvunjika mfupa. Mume ametuma fedha kwa mara ya pili, na amesema wazi kuwa za mara ya tatu hazipo.

Dada yetu anauliza: je, apige niru juu ya zege lililopasuka, au alivunje lote? Na akilivunja, atajuaje kwamba fundi wa pili hatafanya kama alivyofanya wa kwanza?

Tuanze na swali la kwanza. Ufa mwembamba kama unywele, ambao pande zake mbili ziko sawa, si jambo la kutia hofu, kwa maana zege lote hunywea kidogo linapokauka. Lakini upande mmoja ukiwa umezama na mwingine umesimama, ugonjwa uko chini, katika udongo. Niru ya sentimita 2 haiwezi kuutibu. Itapasuka palepale ilipopasuka ya kwanza, na fedha zitakuwa zimekwenda bure. Kwa hali aliyoieleza dada yetu, zege hilo livunjwe. Vifusi vyake visitupwe. Vikipondwa hadi ukubwa wa ngumi na kushindiliwa vizuri, vitakuwa sehemu ya msingi wa njia mpya, na gharama ya mawe itapungua.

Kazi iliyo chini haionekani, nayo ndiyo kazi

Zege lina nguvu kubwa ya kubeba uzito unaoligandamiza, lakini ni dhaifu linapokunjwa. Gari likipita mahali ambapo chini pana uwazi au udongo laini, zege hulazimika kujikunja, nalo huvunjika. Ndiyo sababu njia mbili zenye saruji sawa, moja hudumu miaka mingi na nyingine haimalizi masika.

Udongo wa juu wenye mizizi na majani uondolewe wote, kwa kina cha sentimita 20 hadi 25. Nusu ya kina hicho, au zaidi kidogo, ijazwe vifusi, mawe madogo au kokoto za matumbawe, zinazopatikana kwa wingi hapa kwetu pwani. Zisimwagwe zote kwa pamoja. Kila tabaka la sentimita 7 au 8 linyunyiziwe maji na kushindiliwa kwa mashine ya kukodi hadi litulie, ndipo liongezwe la pili. Kipimo chepesi cha nyumbani ni kisigino: mtu mzima akikanyaga kwa nguvu na kisigino kikaacha shimo, kazi haijaisha.

Wazee wetu waliijua siri hii. Katika nyumba za mawe za Lamu na Mombasa, chokaa ilipatikana kwa kuchoma matumbawe, na sakafu zikapigwa kwa magongo hadi zikashikamana. Saruji ya viwandani imetupunguzia kungoja, lakini haikutuondolea wajibu wa kushindilia.

Kabla ya kufunika, ulizeni mabomba yanapita wapi. Pitisheni bomba tupu la plastiki chini ya njia, ili siku mkihitaji kupeleka maji au umeme upande wa pili msilazimike kuvunja zege. Na mjue shimo la maji taka liko wapi. Kifuniko cha shimo ambacho hakikujengwa kwa ajili ya kubeba gari kisipitiwe na gari hata kidogo, kwa kuwa hapo kilicho hatarini ni roho za watu.

Maji yaende wapi?

Njia iteremke sentimita 2 kwa kila mita moja. Kwa njia ya mita 8, upande wa baraza uwe juu kuliko wa lango kwa sentimita 16. Asiyekuwa na pimamaji anaweza kutumia mpira mwembamba unaopitisha nuru, uliojazwa maji: maji katika ncha zake mbili husimama kwa kimo kimoja, na tofauti hupimwa kwa rula.

Hapa pana haki ya jirani. Udongo ulikuwa ukifyonza mvua, zege halifyonzi. Maji yote yaliyokuwa yakizama uani mwenu sasa yatatafuta njia, na si halali yetu kuyaelekeza kwenye mlango wa mwenzetu. Yaelekezeni kwenye bustani, kwenye shimo la kokoto, au kwenye mtaro. Na mtaro ulio mbele ya lango usizibwe kwa zege. Uwekewe bomba pana la kupitisha maji chini ya njia. Sehemu iliyo nje ya lango ni ya umma, basi ulizeni ofisi ya kaunti kabla ya kuigusa.

Vipimo ambavyo mama wa nyumba anaweza kuvihesabu

Kwa gari dogo, unene wa sentimita 10 unatosha. Ikiwa lori la maji au la mchanga litaingia ndani, unene uwe sentimita 15. Mbao za pembeni za inchi 4 zina takriban kimo hicho cha sentimita 10. Siku moja kabla ya kumwaga, vuteni uzi kutoka ubao mmoja hadi wa pili, kisha pimeni kwa rula kutoka kwenye uzi hadi chini, katikati na pembeni. Mafundi wasio waaminifu huacha katikati pakiwa pameinuka ili saruji ipungue. Uzi utasema ukweli.

Mchanganyiko mzuri ni saruji kipimo 1, mchanga vipimo 2, na kokoto ngumu vipimo 3. Mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 hujaza takriban lita 35. Basi kwa kila mfuko, hesabuni ndoo tatu na nusu za mchanga na ndoo tano na robo za kokoto, kwa ndoo ya lita 20. Msikubali kupimiwa kwa beleshi, kwa kuwa beleshi moja huja na mlima na jingine huja nusu.

Njia ya mita 8 kwa 3, yenye unene wa sentimita 10, inahitaji zege la mita za ujazo 2.4. Hiyo ni mifuko 18 ya saruji, na 20 ukihesabu upotevu. Mfuko mmoja hufunika mita ya mraba moja na theluthi. Kwa hiyo kazi ikifika nusu ya njia, mifuko mitupu iliyolala pembeni iwe 9 au 10. Ikiwa ni 6, simamisheni kazi na muulize. Dada yetu hahitaji kujua uashi ili kuhesabu mifuko mitupu.

Fedha zikiwa chache, msipunguze saruji wala unene, punguzeni eneo. Mistari miwili ya zege, kila mmoja wenye upana wa sentimita 75, inatosha kupitisha magurudumu, na katikati pakaota nyasi. Zege litapungua kwa nusu, na mvua itapata mahali pa kuzama. Lakini kwa nyumba yenye mtu wa mkongojo, ubavuni paachwe njia ya miguu iliyo sawa.

Chumvi ni adui wa chuma

Sisi watu wa pwani tuna jaribu ambalo wa bara hawalijui. Visima vyetu vingi vina maji ya chumvi, na mchanga wa ufuoni uko karibu. Chumvi ikiingia katika zege lenye chuma, chuma hushika kutu. Kutu huvimba, na zege hupasuka kutoka ndani. Ni yaleyale tunayoyaona katika dari na roshani zinazodondoka vipande huku chuma chekundu kikichungulia.

Kwa hiyo tumieni maji matamu na mchanga safi wa mto. Kusomba mchanga wa ufuoni kunadhuru nyumba na kunadhuru pwani yenyewe. Kokoto ziwe za jiwe gumu. Za matumbawe zinafaa kwa msingi, lakini kwa zege lenyewe ni laini na hufyonza maji.

Wavu wa chuma hauzuii ufa. Kazi yake ni kuushika usifunguke. Njia ya gari dogo iliyoshindiliwa vyema inaweza kudumu bila chuma. Mkiutia, uinuliwe juu ya vipande vidogo vya zege, uwe chini ya uso kwa sentimita 4 hivi. Wavu uliolazwa chini ya ardhi na kumwagiwa zege juu yake hausaidii chochote.

Siku ya kumwaga

Wakati wa kaskazi jua ni kali na upepo hukausha uso upesi, basi kazi ianze mara baada ya sala ya alfajiri. Siku za mvua kubwa ziepukwe. Mwezi wa Ramadhani pia si wakati wa kuwabebesha watu waliofunga zege mchana kutwa. Kazi hii inaweza kusubiri Idi.

Jambo linaloharibu zaidi ni maji mengi. Vibarua hupenda zege liwe jepesi kwa sababu husukumika bila taabu. Kwa kila mfuko, maji yasizidi lita 25, yaani ndoo moja na robo; na mchanga ukiwa na unyevu, yapunguzwe. Uzito wake ukaribie wa donge la kaimati, usiwe wa uji. Maji ya ziada yakishakauka huacha vitundu ndani, na zege hubaki dhaifu maisha yake yote. Maji yakimwagika hayazoleki, na zege vivyo hivyo.

Kwa kuwa zege litanyweka, tulichagulie mahali pa kupasuka. Njia ya mita 8 igawanywe sehemu 3 kwa mistari 2 iliyokatwa kwa kina cha sentimita 2 na nusu, siku hiyohiyo au asubuhi ya pili. Ufa utaifuata mistari hiyo na hautaonekana. Panapokutana njia na ukuta wa nyumba, uwekwe ubao laini, ili zege likitanuka kwa joto lisisukume ukuta.

Uso usipigwe niru ya kung'aa wala kunyunyiziwa saruji kavu. Uburuzwe ufagio mgumu, kukata upana wa njia, ubaki na mikwaruzo. Uso laini ukilowa huteleza, na wa kwanza kuanguka ni wazee na watoto.

Siku 7 za kunywesha maji

Wengi hudhani zege huwa gumu kwa kukauka. Sivyo. Saruji hushikamana kwa kuingiliana na maji, na yakikauka mapema, kazi hiyo husimama. Uso ukishashika, ufunikwe magunia yaliyolowa au karatasi ya nailoni, na magunia yasiachwe yakauke kwa siku 7, mchana wala usiku. Kazi hii haina gharama ila ya maji na subira, na inafaa kuwa amana ya watoto wa nyumba, kila mmoja na zamu yake. Watu waweza kupita kwa miguu baada ya siku moja au mbili. Gari dogo lisubiri siku 7 kwa uchache, na lori lisubiri siku 28.

Mkataba na ujira

Swali la mwisho la dada yetu lilikuwa la uaminifu. Dini yetu imetuhimiza kuandika tunapokopeshana. Basi na makubaliano haya yaandikwe: unene, mchanganyiko, idadi ya mifuko, kina cha msingi, na siku za kunywesha. Malipo yagawanywe mafungu matatu: msingi ukishapimwa, zege likishamwagwa, na siku ya 7 ikishatimia. Fundi ayajue hayo na kuyaridhia kabla ya kushika beleshi, maana kuzuia ujira wake baadaye kwa sharti asilolijua ni dhuluma. Vibarua wa siku walipwe siku hiyohiyo kabla jasho lao halijakauka, kama tulivyofundishwa. Na siku ya kupima uzi na ya kumwaga, dada yetu amwombe kaka au mjomba awe naye, wawe mashahidi wawili wa vipimo.

Fundi mwaminifu hatachukizwa na uzi wala rula, bali atafurahi kuwa kazi yake imeonekana. Atakayekasirika, dada yetu amwache aende kabla mfuko wa kwanza haujafunguliwa.

Tunamwombea mama mkwe afya njema, na mume kurejea salama. Mwenyezi Mungu azijaalie baraka nyumba zenu na njia ziingiazo humo. Wabillahi tawfiq.