Raia wa Ndani ya Kompyuta Atasema Lugha Gani?

Kumfunza polisi kwa michezo ya kompyuta si ndoto tena. Kati ya 2015 na 2018, mradi uliogharimiwa na Umoja wa Ulaya, uitwao LAW-TRAIN, ulimkutanisha mpelelezi na mshukiwa aliyeundwa na kompyuta, ambaye majibu yake yalitegemea jinsi alivyohojiwa. Mnamo 2019, polisi wa Chicago walianza kuvaa miwani ya kompyuta ya kampuni ya Axon ili wajifunze kumkabili mgonjwa wa akili pasi na kumdhuru. Tangu hapo akili unde imepiga hatua, hata mshukiwa wa aina hiyo aweza kujibu karibu neno lolote aambiwalo. Kenya nayo ilizindua mkakati wake wa kitaifa wa akili unde mnamo Machi 2025, na sioni kwa nini vyuo vya Kiganjo na Embakasi visalie nyuma.

Haja ipo. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilihesabu watu 60 waliouawa kutokana na maandamano ya 2024. Kurutu akikosea mbele ya kioo cha kompyuta, hakuna anayezikwa.

Swali langu, hata hivyo, ni la mwanaisimu. Raia huyo wa ndani ya mashine atasema lugha gani?

Tuchukue mfano wa Ekalakala, huko Masinga katika Kaunti ya Machakos. Askari wa zamu yawezekana katoka Turkana au Kwale. Mbele yake ameletwa mama mzee kwa ugomvi wa mpaka wa shamba. Lugha ya mama huyu ni Kikamba. Kiswahili anacho kile cha sokoni. Kifungu cha 49 cha Katiba ya 2010 chamtaka askari amweleze, kwa lugha anayoielewa, sababu ya kukamatwa kwake na haki yake ya kunyamaza. Basi askari anatamka: "Una haki ya kunyamaza." Mama anadaka neno la mwisho tu, nalo analisikia kama amri. Ananyamaza, tena anainamisha macho. Askari anaandika kwamba mshukiwa amekataa kushirikiana na polisi. Hakuna aliyesema uongo hapo, lakini mama analala seli.

Mashine hizi zimelishwa Kiingereza kingi mno. Wasomi wa Kenya walipoandaa mkusanyo wa lugha uitwao Kencorpus, walishughulikia Kiswahili, Kidholuo na lahaja kadhaa za Kiluhya, Kikamba hakimo. Mashine isiyomjua mama wa Ekalakala itamtungia maneno ya mwanamke wa Ohio, kisha iyatafsiri. Atamkazia askari macho na kudai wakili! Naye dereva wa lori la mchanga akisema, "Mkubwa, si tuongee?", mashine itadhani ana hadithi ya kusimulia, ilhali Mkenya yeyote ajua kwamba mkono umekwisha kuingia mfukoni.

Wapo watakaosema Kiswahili sanifu chatosha, kwa kuwa ndicho lugha ya taifa. Nakipenda Kiswahili sanifu, nacho kinanilisha. Lakini si hicho kinachosemwa kwenye kaunta ya kituo cha polisi.

Kisha kuna suala la alama, maana mchezo lazima uwe na mshindi. Zikitolewa kwa wepesi wa kupata ungamo, kurutu atajifunza kubana watu. Afadhali azipate pale ambapo amemwomba mshukiwa arudie haki zake kwa maneno yake mwenyewe.

Wala sauti za kuifunza mashine zisichotwe vituoni kwa siri. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 ipo, na mtu aliyekwenda kushtaki wizi wa mbuzi hakwenda kutoa malighafi. Waitwe wazee, waigizaji na wakalimani wa mahakamani, waelezwe kazi yenyewe, waridhie, walipwe. Vyuo vikuu vyetu vina wanafunzi wa Ukambani wawezao kuyanukuu mazungumzo hayo vizuri.

Siku mwuzaji wa programu hizi atakapofika kwa wakuu wa polisi, kabla ya kalamu kugusa mkataba, atakiwe kumleta kwenye kioo mama huyo wa Ekalakala, aseme Kikamba chake, na kurutu mmoja amweleze haki zake mbele ya Wakamba watakaosema kama ameeleweka.