Utulivu Hauna Mkao Mmoja

Tunauziwa taamuli ya sura moja: mkeka, macho yamefumbwa, programu ya simu inayolipiwa kila mwezi. Ukishindwa, eti tatizo ni wewe. Nakataa. Jon Kabat-Zinn alipoanzisha mafunzo yake Massachusetts mwaka 1979, wagonjwa wenye maumivu sugu walifundishwa kukaa, kulala chali, kunyoosha viungo na kutembea taratibu. Mwanzilishi mwenyewe hakuweka mlango mmoja. Wauzaji wameutoa wapi? Aliyenusurika vita, akifumba macho, huenda akakutana na yaleyale aliyoyakimbia. Mwacheni atembee, avute tasbihi, apepete mchele akiifuata pumzi yake. Kipimo ni hiki: ukiinuka, unarudi kwa watu ukiwa mpole zaidi? Kama sivyo, badili njia. Usijilaumu.