Kinywaji kitaje asili yake

Nyanchwa, kilima kilicho pembeni mwa mji wa Kisii, ni ngome ya Waadventista Wasabato, na hapo swali la kinachoingia mdomoni si dogo. Kanisa hilo lilifika Kenya mwaka 1906, kituo cha Gendia kilipofunguliwa karibu na Ziwa Victoria. Tangu 1863, Ellen White, mmoja wa waasisi wa kanisa hilo, alikuwa akiwahimiza waumini wageukie vyakula vya mimea. Wengine wamekwenda mbali zaidi, wakaacha hata maziwa, mayai na asali.

Nyumbani, aliyeacha vyote hivyo hana tabu. Uji wa wimbi upo, na strungi ya majani ya Nyamira haihitaji maziwa. Tabu humkuta dukani.

Vinywaji vingine hujifichua vyenyewe. Kanuni za lebo zinazotumika Afrika Mashariki, zinazofuata miongozo ya kimataifa ya Codex, zinataka viungo vipangwe kuanzia kilicho kizito zaidi, na maziwa yatajwe waziwazi. Hivyo anayesoma pakiti ya kinywaji cha chokoleti ataona kama kuna maziwa ya unga.

Kinachosumbua ni kinachojificha nyuma ya namba na majina ya kitaalamu. E120 ni rangi nyekundu inayotokana na wadudu wadogo waliokaushwa na kusagwa. Mwaka 2012 kampuni ya Starbucks nchini Marekani iliiondoa katika vinywaji vyake baada ya wateja kulalamika. Vitamini D3 inayoongezwa kwenye vinywaji, hata vya soya, mara nyingi hutokana na mafuta ya manyoya ya kondoo, ingawa ipo pia isiyotokana na mnyama.

Halafu kuna visivyoandikwa kabisa. Juisi au divai inaweza kusafishwa kwa jelatini, inayotokana na ngozi na mifupa ya wanyama, na bia kwa kibofu cha hewa cha samaki. Kwa kuwa vitu hivi hutumika kiwandani kisha huondolewa, mara nyingi kanuni hazilazimishi vitajwe. Kampuni ya bia ya Guinness ilitangaza mwaka 2015 kwamba ingeacha kutumia kibofu hicho. Kabla ya hapo, orodha ya viungo pekee isingemwambia mnywaji lolote.

Alama nazo zisomwe kwa uangalifu. Halali haimaanishi kwamba hakuna kitu cha mnyama. Nukta ya kijani kwenye bidhaa za India inaruhusu maziwa na asali.

Suala hili haliwahusu wachache tu. Mambo ya Walawi sura ya 11 inaruhusu wadudu wa jamii ya nzige na panzi pekee, kwa hiyo E120 inamgusa hata Mwadventista anayekula nyama. Jelatini ya nguruwe inamgusa yeye na Mwislamu pia. Wote wananunua chupa ileile kwa bei ileile, na si haki mama mwenye watoto dukani abebe kazi ya mkemia.

Shirika la Viwango la Kenya, KEBS, lidai kila kiungo na kila kisafishio cha asili ya mnyama kitajwe kwa lugha nyepesi, kwa Kiswahili na Kiingereza. Viwanda visingoje sheria. Mwenye kiwanda anajua alichotumia. Hadi hapo, mnunuzi asome lebo yote, na pasipoeleweka apige nambari ya huduma kwa wateja iliyo kwenye chupa na aulize asili ya kila kiungo.